MTO TANA: MVUA YA WENGINE, MAFURIKO YETU

Mwaka huu mlezi wa Chama cha Kiswahili alituambia kila mwanachama achague jambo moja la hapa kwetu, alichunguze, kisha aliandike kwa Kiswahili ambacho hata mwanafunzi mgeni wa sekondari atakielewa bila kushika kamusi. Wenzangu wamechagua harusi, ngamia na methali. Mimi nimechagua Mto Tana.

Najua kuna atakayesema, "Ah! Tana tunaujua, si ule pale chini ya daraja?" Ni kweli, tunauona kila siku. Tunakunywa maji yake, tunanywesha mifugo, tunamwagilia mashamba, na mara nyingine tunaukimbia usiku na magodoro kichwani. Lakini kuuona si kuujua. Hebu nikuulize swali moja tu: Kwa nini mto huu hufurika na kubeba nyumba za watu siku ambayo hapa Garissa jua linawaka na juu hakuna hata wingu? Kama unaweza kujibu, vizuri sana. Kama huwezi, tufuatane kutoka milimani mpaka baharini, na jibu tutalipata njiani.

1. MTO UNAANZIA WAPI?

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Urefu wake ni kilometa 1,000 hivi, na eneo lote linaloupa maji ni kilometa za mraba 95,000 hivi. Hauanzi mahali pamoja kama bomba. Unaanza kwa vijito vingi sana vinavyotoka sehemu mbili: milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua, na Mlima Kenya wenye urefu wa mita 5,199. Kutoka Nyandarua huja mito kama Chania, Thika, Maragua, Mathioya na Gura. Huo Gura ndio wenye maporomoko ya Karuru, ambayo maji yake huanguka jumla ya mita 273. Kutoka Mlima Kenya huja Sagana, Ragati, Nyamindi na Thiba.

Huko juu ni nchi ya baridi, chai na kahawa. Sehemu nyingine za milima hiyo hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Sasa linganisha na sisi. Garissa hupata milimita 350 hivi kwa mwaka, na kuna miaka ambayo hata hizo hatuzioni. Kwa hivyo shika jambo hili la kwanza, maana ndilo msingi wa somo lote: maji tunayoyaona chini ya daraja si mvua ya Garissa. Ni mvua ya Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru ambayo imesafiri kuja kwetu.

Na si sisi peke yetu tunaoitegemea mvua hiyo. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 juu ya Mto Thika, ndilo linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Mpunga wa Mwea unamwagiliwa na mito ya Thiba na Nyamindi. Kwa hivyo mtu wa Nairobi akifungua mfereji, na mama wa Mwea akipika wali, na ngamia wa Garissa akiinama kunywa, wote watatu wanakula sahani moja bila kujuana.

2. MABWAWA MATANO

Mito hiyo ikishakutana huwa mto mmoja wenye nguvu, nao hushuka kwenye ngazi za mawe katikati ya Embu, Machakos na Kitui. Nguvu hiyo ndiyo iliyowavutia wahandisi. Mahali hapo panaitwa Seven Forks, yaani panda saba, lakini usidanganyike na jina. Mabwawa yaliyojengwa ni matano, nayo ukihesabu kutoka juu kwenda chini ni Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere.

Jambo la kushangaza ni kwamba hayakujengwa kwa mpangilio huo. La kwanza lilikuwa Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na la mwisho Kiambere mwaka 1988. Kwa jumla mitambo yake inaweza kutoa umeme wa megawati 600 hivi.

Masinga liko juu ya mengine yote, na kazi yake kubwa ni kuweka akiba. Linaweza kubeba mita za ujazo milioni 1,560. Najua nambari kama hiyo haiingii akilini haraka, kwa hivyo nilipiga hesabu. Kwa wastani Tana hupitisha mbele ya Garissa mita za ujazo 150 hivi kila sekunde. Hizo ni lita 150,000. Mtungi wa plastiki ambao punda hubeba hapa mjini ni wa lita 20, basi ni mitungi 7,500 kwa sekunde moja! Na Masinga likijaa huwa limeshika maji sawa na yale yanayopita Garissa kwa siku 120 hivi.

Lakini bwawa ni kama sufuria. Ukiendelea kumimina, litamwagika. Kipimo cha Masinga kujaa ni mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Maji yakizidi hapo, hupita juu ya mahali pake pa kumwagia, yakaenda Kamburu, yakaenda Gitaru, na hivyo hivyo mpaka Kiambere. Kama hayo ya chini pia yamejaa, basi yote huja kwetu.

3. MGEUKO WA MBALAMBALA

Baada ya Kiambere, Tana hupokea wageni wa mwisho kutoka Mlima Kenya na vilima vya Nyambene. Hao ni mito kama Mutonga, Kathita na Ura. Mto hapa unaelekea kaskazini mashariki na kukaribia sana mstari wa Ikweta. Upande mmoja una Mbuga ya Meru na upande mwingine una Kora, mahali ambapo George Adamson aliishi na simba wake mpaka alipouawa mwaka 1989.

Ukitazama ramani ya darasani utaona jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita bila kuliuliza. Mto uliokuwa ukielekea kaskazini mashariki ukifika Mbalambala hugeuka na kuelekea kusini, kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani. Kuanzia hapo nchi ni tambarare, na Tana ni mto mpweke. Hakuna tena mto hata mmoja wa kudumu unaouongezea maji mpaka baharini. Badala ya kuongezeka, mto unapungua. Jua linachukua, mchanga unachukua, pampu zinachukua, na mifugo inachukua. Mto mwingine ukikaribia bahari huwa mkubwa zaidi, lakini wetu hudhoofika njiani.

4. TANA MBELE YA GARISSA

Mji wetu uko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na bado mto una mamia ya kilometa za kwenda. Ukigawanya utaona kwamba kutoka hapa hadi baharini mto hushuka chini ya nusu mita kwa kila kilometa. Maji yasiyo na mteremko hayana haraka. Huzungukazunguka, yakila ukingo huu na kuacha tope ukingo ule. Ndiyo sababu shamba la mtu linaweza kupungua mwaka hata mwaka bila yeye kuuza hata hatua moja, huku jirani yake wa ng'ambo akipata ardhi mpya ya bure.

Mara nyingine mto hukata kona kabisa na kuacha nyuma kipande cha maji chenye umbo la pinde. Huko hubaki maji na majani hata baada ya mto kupungua, na wafugaji hupajua vizuri sana.

Mto huu pia ni mpaka. Sisi tuko ukingo wa mashariki, Kaunti ya Garissa. Ukivuka daraja unaingia Mororo na Madogo, Kaunti ya Tana River. Zamani za mikoa ilikuwa vichekesho zaidi, maana ukivuka daraja kwa miguu ulikuwa umetoka Mkoa wa Kaskazini Mashariki na kuingia Mkoa wa Pwani, na hata jasho hujatoa! Hapa shuleni kwetu, ambayo ni shule ya kutwa, wako wenzetu wanaovuka asubuhi na kurudi jioni. Kwao mto si somo la jiografia tu. Ni njia ya kuja shule.

Hata wanyama wanaufahamu mpaka huo. Swara anayeitwa hirola, ambaye yuko hatarini kutoweka duniani, makao yake ya asili hapa Kenya ni upande huu wa mashariki, kati ya Tana na mpaka wa Somalia. Hifadhi ya Arawale ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili yake.

5. MALKA NA LAGA

Kiswahili cha hapa kwetu kimeazima maneno mawili ambayo mgeni kutoka Nairobi hayajui, nayo ni muhimu kuliko mengi yaliyomo katika kitabu cha darasa.

La kwanza ni malka. Malka ni njia ya kushukia mtoni, mahali ambapo mifugo hupitishwa kwenda kunywa. Kandokando ya Tana wanaishi wakulima kama Wapokomo, Wamalakote na Wamunyoyaya, na pia wafugaji kama Wasomali na Waorma. Wakati wa Jilaal, yaani kiangazi kikali cha Januari hadi Machi, mfugaji huja kutoka mbali na wanyama wenye kiu ya siku nyingi. Akikuta malka imezibwa na shamba la migomba, ataenda wapi? Naye mkulima akiamka na kukuta ng'ombe mia wamelala juu ya mahindi yake, atakula nini? Kila mmoja ana haki yake, na mto ni mmoja. Huko delta, kuanzia Agosti 2012 hadi Januari 2013, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yaliua watu zaidi ya 100. Ardhi, malisho na maji vilikuwa ndani ya ugomvi huo. Wazee wanaosema malka zisizibwe hawaongei mambo ya kizamani. Wanazuia damu.

La pili ni laga. Laga ni mto wa mchanga, ambao kwa muda mrefu hauna maji kabisa. Watoto hucheza mpira ndani yake, na wasafiri hulala hapo kwa kivuli. Halafu mvua ikinyesha, hata mbali kidogo, laga hujaa kwa muda mfupi na kuja kwa kishindo. Mwezi wa Aprili 2024 basi lenye abiria 51 lilibebwa na maji ya namna hiyo katika barabara ya kwenda Nairobi, upande wa Tana River. Namshukuru Mungu wote waliokolewa. Basi ukiambiwa usilale ndani ya laga, usicheke.

6. KUTOKA BURA HADI BAHARINI

Kusini mwa Garissa mto hupita Bura na Hola, sehemu mbili ambazo serikali ilijaribu kuugeuza mchanga uwe shamba.

Hola ina historia nzito. Mradi wake wa kumwagilia maji ulianza mwaka 1953, na waliofanyishwa kazi walikuwa wafungwa wa wakati wa vita vya Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa kwa sababu walikataa kuchimba mfereji kwa kulazimishwa. Mwanzoni serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Hebu fikiria, walimsingizia hata maji! Ukweli ulijulikana, ukazua kelele mpaka katika Bunge la Uingereza.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1989, mradi huo huo wa Hola uliporomoka, na safari hii aliyeuangusha ni mto wenyewe. Tana ulibadilisha njia yake ukaiacha pampu pakavu. Baadaye mradi ulifufuliwa. Hilo ndilo funzo la nchi tambarare: usidhani mto umefungwa kamba mahali ulipoukuta.

Mbele kidogo ni hifadhi ya misitu ya Tana, iliyotengwa mwaka 1976, wanamoishi mbega wekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Nyani hao wa aina mbili hawapatikani porini mahali pengine popote duniani ila katika misitu ya mto wetu. Misitu hiyo yenyewe huishi kwa maji yanayofurika na kupenya ardhini.

Kuanzia Garsen mto hufunguka kama vidole vya mkono na kuwa delta. Kuna maziwa, mabwawa, mashamba ya mpunga, malisho na mikoko. Mwaka 2012 delta hii iliandikwa katika orodha ya Ramsar, ambayo ni ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Mwisho wa safari ni Kipini, katika Ghuba ya Ungwana, Bahari ya Hindi. Hata huko mwisho, mto haukuwa hapo siku zote. Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi. Polepole maji mengi yakahamia huko, na mdomo mkubwa wa mto ukawa Kipini.

Mto ukiwa dhaifu, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuingia kwenye mashamba ya watu wa delta. Kwa hivyo wao pia wanaomba mvua ya Nyandarua, ingawa wengi wao hawajawahi kuuona mlima huo.

7. SASA TURUDI KWENYE SWALI

Mafuriko ya Tana si kitu kibaya siku zote. Kwa kawaida mto hupanda mara mbili kwa mwaka, yaani Aprili hadi Juni, majira ya Gu, na Oktoba hadi Desemba, majira ya Deyr. Maji yakipanda kiasi huacha tope lenye rutuba, hujaza mabwawa ya pembeni, na majani huota. Mkulima na mfugaji wote hunufaika. Mabwawa ya juu yamepunguza mafuriko haya ya kiasi, maana hushika maji ya kwanza ya msimu pamoja na tope lake. Lakini mafuriko makubwa hayakuzuilika. Wazee hutaja ya mwaka 1961. Walimu wetu hutaja ya El Niño, 1997 hadi 1998. Sisi wenyewe tunayo ya 2018, ya Novemba 2023 na ya Aprili hadi Mei 2024.

Novemba 2023 mimi nilikuwa nimemaliza tu mtihani wa KCPE. Barabara ya Nairobi ilikatika, bei ya vitu sokoni ikapanda, na familia nyingi zikahamia kambini. Abti wangu (ndugu wa mama) ana shamba la ndizi, tikiti na nyanya kando ya mto. Maji yalichukua nyanya zote. Akapanda upya. Aprili 2024, nikiwa Kidato cha Kwanza, maji yakarudi na kuchukua hata pampu. Siku ile hapa mjini palikuwa na jua, na ndiyo maana jirani zake wengine hawakuhama mapema. Walitazama juu wakasema, "Mvua iko wapi?" Mwezi huo huo, tarehe 28, mashua iliyokuwa ikivusha watu mahali barabara ilipokatika, upande wa Madogo, ilipinduka na watu kadhaa wakafa. Shule za nchi nzima, ambazo zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, zilifunguliwa tarehe 13 Mei.

Sasa jibu la swali letu unalo tayari. Mafuriko ya Tana huanzia mahali ambapo macho yetu hayafiki. Mvua hunyesha Nyandarua na Mlima Kenya, mabwawa hujaa, halafu maji husafiri. Na hapa ndipo penye habari njema: yanasafiri kwa siku kadhaa. Piga hesabu na mimi. Tuseme maji yanakwenda mita 1 kwa sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa hivyo yatakwenda kilometa 86 hivi kwa siku. Tuseme tena njia ya mto kutoka Kiambere mpaka hapa ni kilometa 300. Basi yatachukua siku 3 na nusu hivi. Yakikimbia zaidi, mita 1 na nusu kwa sekunde, yatachukua siku 2 na kidogo. Huu ni mfano wa darasani tu, lakini unaonyesha kwamba kati ya habari na maji kuna nafasi. Katika nafasi hiyo mtu anaweza kung'oa pampu, kuhamisha mbuzi, kutoa vyeti vya watoto, na kumbeba nyanya yake mgonjwa.

Kwa hivyo anayetazama mawingu ya Garissa ili ajue Tana utafanya nini, anasoma barua ya mtu mwingine. Mawingu ya hapa yatakuambia habari za laga. Habari za mto ziulize Masinga.

8. KAZI YETU SISI WANA KISWAHILI

Utaniuliza, "Sasa hayo yote yanahusu nini Chama cha Kiswahili? Si uyapeleke kwa mwalimu wa jiografia?" Yanahusu sana. Habari za mabwawa kujaa hutangazwa, na utabiri wa mvua pia hutangazwa. Lakini mara nyingi huja kwa Kiingereza cha wataalamu. Mtu anasikia habari ya mita 1,056 juu ya usawa wa bahari, na yeye bahari yenyewe hajawahi kuiona. Mama anayeuza maziwa pale sokoni akisikia hivyo, atajuaje kwamba anaambiwa ahame? Onyo lisiloeleweka ni sawa na onyo lisilotolewa.

Hapo ndipo tunapohitajika. Napendekeza kwa wanachama wenzangu na kwa walimu wetu mambo haya manne:

(a) Miezi ya Aprili, Mei, Oktoba, Novemba na Desemba, wanachama wawili kila wiki wafuatilie redioni habari za mvua ya milimani na za bwawa la Masinga.

(b) Habari hizo ziandikwe kwa Kiswahili rahisi kwenye ubao wa matangazo wa shule, na wenzetu wanaojua wazitafsiri kwa Kisomali, Kiorma na Kipokomo. Sisi ni wanafunzi wa kutwa, jioni kila mtu anarudi kwao. Darasa moja linaweza kufikisha habari katika mitaa mingi kabla ya Magharibi.

(c) Tangazo lisitaje nambari peke yake. Liseme pia mtu afanye nini. Kwa mfano: "Bwawa la Masinga limejaa na linamwaga. Milimani mvua bado inanyesha. Maji ya Tana yatapanda katika siku chache zijazo. Mwenye pampu aitoe. Anayeishi karibu na ukingo ahamie juu leo, asingoje kesho. Mtoto asitumwe mtoni peke yake." Hilo hata ayeyo wangu atalielewa.

(d) Wakati wa mafuriko, mtu asivuke maji yanayotembea, iwe kwa miguu, kwa gari au kwa mashua iliyojaa kupita kiasi. Mamba na viboko pia huhama na maji, na huweza kufika mahali ambapo hatukuzoea kuwaona.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Walisema pia maji yakimwagika hayazoleki. Hatuwezi kuamrisha mvua ya Nyandarua, wala hatuwezi kuusogeza mji wetu. Lakini kupashana habari kwa lugha inayoeleweka, hilo tunaliweza, na halihitaji pesa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mito mitatu inayotoka Nyandarua na mitatu inayotoka Mlima Kenya.
2. Yapange mabwawa matano ya Tana kutoka juu kwenda chini, kisha uyapange tena kwa mwaka yalipojengwa. Unaona tofauti gani?
3. Eleza kwa nini Tana hauongezeki maji baada ya Mbalambala.
4. Malka ni nini, na kuna hatari gani ikizibwa?
5. Kama maji yanakwenda kilometa 100 kwa siku na njia ni kilometa 300, una siku ngapi za kujitayarisha?
6. Andika tangazo la maneno yasiyozidi 40 la kumwonya jirani yako anayeishi kando ya mto. Limsomee mtu wa nyumbani asiyejua kusoma. Kama hakuelewa, liandike upya.

Anayetaka majibu anitafute darasani Kidato cha Tatu wakati wa mapumziko. La sita halina jibu moja, na ndilo nitakalofurahi kuliko yote kuliona limeandikwa. Nakutakia masomo mema.